Mizani ya Jikoni

Wazee wa Unguja, ukiwauliza khabari za mwanzo wa miaka ya 1970, aghalabu hawaanzi na hotuba wala amri zilizotolewa. Huanza na foleni ya mchele, unga na sukari, nani aliwahi alfajiri na nani alirudi na kikapu kitupu. Nilikuwa nikiyawaza hayo barazani, hatua chache kutoka soko la Darajani, siku niliyomaliza kukisoma kwa mara ya pili kitabu cha Goretti Kyomuhendo wa Uganda kiitwacho Waiting, yaani kungojea, kilichochapishwa mwaka 2007. Nikatambua ya kuwa bibi huyu anaupima udhalimu kwa mizani ileile ya wazee wetu.

Kisa chatukia kijijini, upande wa Hoima, mwaka 1979, majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni yakimsukuma Idi Amin atoke madarakani, na askari wake wakipora na kuua katika njia za kukimbilia. Msimulizi ni Alinda, msichana mdogo. Mwandishi mwingine, akipewa maudhui kama haya, angalitupeleka Kampala, akatufungulia milango ya ikulu na ya magereza, akatuonyesha jabari na nishani zake kifuani. Na hivyo, pasi na kukusudia, angalimpa dhalimu kiti cha mbele kitabuni kama alivyojipa katika nchi. Kyomuhendo amemnyima kiti hicho. Amin ni jina tu midomoni mwa watu wazima. Tunachokiona sisi ni mlo wa jioni unaoliwa kwa haraka kabla ya kiza, na watu wa nyumba moja wakitoka kwenda kujificha nje, wauache usiku upite.

Ustadi wake mkubwa, kwa rai yangu, umo katika mimba ya mama. Kungojea kunakotajwa katika jina la kitabu ni kuwili: kijiji kinawangojea wakombozi, na mama anaingojea siku yake ya kujifungua, na kwa kuwa mja mzito hawezi kukimbia, basi mipango yote ya nyumba, nani alale wapi na nani abaki na nani, imefungwa katika mwili wa mwanamke mmoja, hata msomaji akahesabu siku za vita kwa hesabu ya uzazi. Mtoto anazaliwa, mama anakufa, na wakombozi hawajafika. Hakupigwa risasi. Wala mwandishi hahutubu kwamba huyu naye ni mmoja wa waliouawa na utawala ule. Anamkabidhi Alinda kichanga mikononi na kumwachia msomaji hesabu hiyo aifanye mwenyewe.

Msomaji wa Kiswahili ataonja jambo ambalo wengine huenda likawapita. Kiswahili huko Uganda kilikuwa lugha ya kambi za jeshi, na watu wengi walikisikia mlangoni pamoja na kitako cha bunduki. Kisha wakombozi, na miongoni mwao Mtanzania aitwaye Bahati anayezoeana na nyumba ile, nao ni wasemaji wa Kiswahili hichohicho. Laiti Kyomuhendo angalikaa zaidi hapo, maana baada ya wakombozi kuingia kisa kimelegea kidogo.

Nadifa Mohamed, mzaliwa wa Hargeisa aliyekulia Uingereza, ameshika njia iliyo karibu na hiyo katika The Orchard of Lost Souls, riwaya ya mwaka 2013 juu ya siku za mwisho za utawala wa Siad Barre huko Somalia. Anaanzia uwanjani, katika sherehe za mapinduzi ya 1969, kisha anaugawa utawala huo kwa wanawake watatu: Deqo, yatima wa kambi ya wakimbizi, Filsan, askari, na Kawsar, mjane anayevunjwa nyonga kwa kipigo cha Filsan, akabaki kitandani. Bustani inayotajwa katika jina la kitabu ni ya Kawsar, nayo imeota pale alipozika mimba zake zilizoharibika. Kumfanya mpigaji naye awe mwanamke, na kumpa sura yake ajieleze, kunahitaji ujasiri ambao Kyomuhendo hakuuhitaji.

Kwetu, Adam Shafi amekwisha kutuingiza gerezani katika Haini, ya mwaka 2003, juu ya kamatakamata iliyofuatia kuuawa kwa Mzee Karume, Rais wa Zanzibar, tarehe 7 Aprili 1972. Upande wa pili wa ukuta ule, kwa mwanamke aliyebaki na watoto na kikapu chake, bado una nafasi ya kalamu. Waliosimama katika foleni zile wengi wametangulia mbele ya haki. Waliobaki wangali wanakwenda Darajani kununua samaki. Mwenye nia ya kuiandika riwaya hiyo na awafuate sasa, na swali lake la kwanza liwe walipika nini.