Nembo, Chanzo na Maana: Pembetatu za The Legend of Zelda

Mhakiki anapokabiliwa na ishara, swali lake la kwanza aghalabu huwa ni la chanzo: imetoka wapi? Swali hilo ni halali, lakini mara nyingi hugeuzwa likawa jibu. Ishara ikishapatiwa babu, uhakiki hudhaniwa kuwa umekwisha. Makala hii inashikilia kwamba chanzo huingia katika maana pale tu kinapoishi katika kumbukumbu ya msomaji. Mfano wetu ni nembo za The Legend of Zelda, mfululizo wa michezo ya video ulioanzishwa na kampuni ya Nintendo nchini Japani mwaka 1986.

Nembo kuu ya mfululizo huu, Triforce, ni pembetatu tatu za dhahabu, moja juu na mbili chini, zinazoacha pengo katikati. Umbo hilo linashabihiana mno na nembo ya ukoo wa Hōjō, ulioshika hatamu za utawala katika zama za Kamakura. Hekaya iliyohifadhiwa katika Taiheiki yasimulia kwamba Hōjō Tokimasa alikwenda Enoshima kuuombea ustawi uzao wake. Akatokewa na mwanamke ambaye aligeuka joka, akatoweka baharini na kuacha magamba matatu. Magamba hayo yakawa nembo ya ukoo.

Ushabihi huu umewatosha wengi kutangaza nasaba. Hata tukiikubali nasaba hiyo, inaeleza umbo tu. Mchezo wa 1986 ulikuwa na pembetatu mbili, ya Nguvu na ya Hekima. Ya Ujasiri iliongezwa katika mchezo wa pili, mwaka 1987. Utatu huo, basi, ulijengwa na masimulizi yenyewe, hatua kwa hatua. Katika Ocarina of Time (1998), aigusaye Triforce pasi na ulinganifu wa sifa hizo tatu moyoni huisambaratisha: Ganondorf hubakiwa na Nguvu, Zelda huwa na Hekima, naye Link Ujasiri. Magamba ya Hōjō yanauhalalisha utawala wa ukoo mmoja, ilhali Triforce inamhukumu kila anayeutaka utawala peke yake. Umbo ni moja, maana zinakinzana.

Katika mchezo huohuo wa 1998 mna nembo nyingine, ya Wagerudo, watu wa jangwani ambao Ganondorf mwovu ni mwana wao: mwezi mwandamo na nyota. Hapa historia ya ishara haikuweza kunyamazishwa. Mchezaji wa Lamu au Karachi hahitaji kuchimbua kumbukumbu za kale ili aitambue, na kuiona juu ya watu wa mhalifu si jambo dogo kwake. Matoleo ya baadaye, likiwemo la 2011, yaliibadilisha. Hakuna aliyelazimika kuthibitisha dhamira ya mbunifu. Kumbukumbu ya hadhira ilitosha.

Saussure alitufunza kuwa uhusiano wa ishara na maana yake ni wa nasibu. Tuongeze kuwa jamii ndiyo huamua ni nasaba ipi ya ishara ingali hai. Sisi wa fasihi ya Kiswahili twalijua hilo kwa uchungu. Kwa miaka mingi bahari za ushairi wetu zilijadiliwa kana kwamba kutaja Uarabuni ni kulifasiri shairi. Anayetafuta chanzo na atafute. Kazi ya kufasiri ingali inamngoja.