Wiki Mbili za Kwanza

Watu wakisikia kuna mama kule Ngulyati, Simiyu, anatotolesha kambale uani kwake, cha kwanza wanachoulizia ni sindano. Hawakosei sana. Kambale aliyekulia bwawani hujaa mayai tumboni na bado asiyatage, maana anangoja jambo ambalo bwawa halina: mvua kubwa, maji kupanda, nyasi za kando ya mto kufunikwa. Wenyeji wa Simiyu wanaijua safari hiyo. Mito yetu mingi hukauka kiangazi ikabaki mchanga na madimbwi, kisha mvua ikija kambale hupanda na maji hadi kwenye majaruba ya mpunga, wakataga usiku na kuondoka zao. Hawaatamii wala hawalindi. Sindano kazi yake ni kumdanganya kambale jike kwamba mto umefurika.

Sindano hiyo naiheshimu, ila sioni ajabu yake. Ni kazi ya vipimo. Tezi ya pituitari, punje ndogo iliyo chini ya ubongo, hutolewa kwa kambale mwingine wa uzito unaolingana, ikasagwa na kuchanganywa na maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita, kisha ikachomwa kwenye mnofu wa mgongo. Mwenye fedha hununua dawa iliyotengenezwa kiwandani. Maji yakiwa nyuzi 25, mayai huiva kwa muda wa saa 11 hivi. Yakiwa nyuzi 30, saa 7 zinatosha. Ndiyo sababu mama huyu huchoma jioni ili alfajiri imkute tayari. Hayo yanafundishika, na vyuo vyetu vya uvuvi, kama kile cha Nyegezi pale Mwanza, vinayafundisha. Ufundi wake mimi nauona mahali pengine, kwenye wiki mbili zinazofuata, ambapo hakuna kipimo cha kumwambia nini cha kufanya.

Alfajiri hiyo huanza na kukausha. Beseni hufutwa kwa kitambaa, likafutwa tena kwa kitambaa cha pili, na tumbo la samaki nalo hufutwa. Tone moja la maji likiingia mapema, kitundu cha yai kinachopitisha mbegu ya dume hujifunga na yai limeshapotea. Kijana anayemsaidia hushika kichwa, naye hupitisha kidole gumba taratibu kutoka kifuani kwenda mkiani. Mayai humiminika ya kijani-kahawia, mfano wa ulezi uliolowekwa. Gramu moja ina mayai 600 hadi 700, kwa hiyo gramu 100 ndani ya kibeseni ni zaidi ya 60,000. Dume hana bahati hiyo ya kukamuliwa. Huchinjwa, vifuko vyake vya mbegu vikakatwa na kukamuliwa juu ya mayai, na mchana familia hula mchuzi.

Kisha maji humwagwa, unyoya wa kuku hukoroga, na hapo hakuna wa kusema neno. Mbegu ya dume ikishaguswa na maji ina uhai wa dakika moja hivi, na ndani ya muda huohuo mayai huanza kunata. Akichelewa, anabaki na bonge. Yeye humwaga kwa mkupuo mmoja juu ya kipande cha chandarua kilichowambwa ndani ya tangi, mkono ukizunguka, mayai yakatandazika safu moja bila kupandana. Nimeona watu wenye vyeti wakishindwa kumwaga hivyo.

Ndani ya saa chache mayai yaliyokufa hugeuka meupe, na hapo huanza kazi ya kutoa. Yai jeupe huota kuvu, na kuvu huvuka hadi kwa jirani aliye hai. Mama huinama juu ya tangi na mrija mwembamba, akavuta jeupe moja, akavuta jingine, mgongo ukimuuma na simu ikiita bila kupokelewa. Baada ya siku moja hadi mbili hivi, kutegemea joto, watoto hutoka na kudondoka chini kupitia matundu ya chandarua. Wenye nguvu hukimbilia pembe yenye giza, chini ya gunia alilofunika upande mmoja. Vilema na dhaifu hubaki wametawanyika katikati, na hao huvutwa kwa mpira pamoja na maganda. Hahitaji kumchunguza mmoja mmoja: giza limeshamchambulia.

Halafu inakuja sehemu ambayo wageni hawaielewi, siku tatu hivi za kutowapa chochote.

“Mayu, hawa mbona hawajala?” jirani huuliza.

“Wana akiba yao. Waache.”

Akiba ni kiini cha yai kilichoning’inia tumboni. Chakula kikitangulia, kitaoza chini na kuharibu maji. Kikichelewa, watoto wadhaifu hawatakuwa hata na nguvu ya kukifukuza. Mpaka kati ya mapema na kuchelewa ni wa saa chache tu. Yeye huujua kwa kuchota wachache kwenye kikombe cheupe na kuwamulika kwa tochi ya simu: kiini kimenywea, na watoto wameacha kulala chini, wanapanda na kutafutatafuta. Mtu mwenye huruma asiyejizuia huua kambale wengi kuliko mvivu.

Na chakula chenyewe sharti kiwe hai. Dunia nzima hutumia artemia, kidudu cha maji ya chumvi ambacho mayai yake makavu, laini kama vumbi, hutoka kwa wingi kwenye Ziwa la Chumvi la Utah, Marekani, yakawekwa kwenye kopo. Ukiyatia kwenye maji ya chumvi yenye hewa na mwanga, siku ya pili unavuna. Afrika Mashariki nayo ina artemia wake, waliopandikizwa miaka ya 1980 kwenye mashamba ya chumvi karibu na Malindi. Ila kopo ni ghali, na Ngulyati ni nchi ya ng’ombe. Mama amechimba shimo, akalijaza maji na samadi, na maji yakisha kuwa kijani hujaa viroboto wa maji ambao huwachuja kwa kitambaa asubuhi na jioni. Artemia huwaweka kwa siku mbili tatu za mwanzo tu. Kiini cha yai la kuku lililochemshwa, ambacho wengine hukisifu, yeye hakitaki: kinachafua maji kuliko kinavyolisha, na mimi nakubaliana naye.

Faida nyingine ya artemia ni rangi. Mtoto wa kambale wakati huo anaonekana hadi ndani, kwa hiyo aliyekula huwa na tumbo la rangi ya chungwa. Mama hapotezi muda kutazama walioshiba. Macho yake hutafuta wasio na rangi pembezoni mwa tangi, na wakiwa wengi hubadilisha mahali pa kumwagia chakula.

Kazi ya namna hii si ya kambale peke yake. Mwaka 1864 axolotl 34, wale salamanda wa Mexico wasioacha mashavu yao ya kupumulia majini hata wakizeeka, walifika Paris, na sita kati yao wakapewa mtaalamu Auguste Duméril, akawazalisha. Wafugaji wa axolotl wa leo hufanya mambo ambayo mama huyu angeyatambua mara moja: kutoa mayai yaliyokufa, kutotolesha artemia, kubadilisha maji kila siku, kuwatenga wakubwa na wadogo. Tofauti ni kwamba axolotl akiliwa mguu na ndugu yake huota mwingine. Kambale haoti mkia.

Maana kambale hulana. Mwanzoni mkubwa humng’ata mdogo mkiani. Akishamzidi vya kutosha humeza mzima, kichwa kwanza. Kila anayemeza hukua zaidi, na tangi la maelfu huweza kubaki na wababe wachache wenye matumbo. Dawa ni kulisha usiku pia, kufunika mwanga, na kuchambua. Kwa kuchambua, mama ana ndoo alizozitoboa matundu ya saizi tofauti kwa msumari wa moto. Samaki hutiwa, ndoo hutikiswa ndani ya maji, wadogo hupita. Wiki ya kwanza hata hivyo matundu hayasaidii, kwa kuwa tofauti bado haionekani kwa ndoo. Huonekana kwake. Mwenye kichwa kipana kidogo, anayeogelea peke yake huku wengine wamejikusanya: chandarua huingia, huyo hutoka.

Umeme ukikatika, pampu ya hewa hunyamaza, na hapo yeye na kijana huchota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu, kwa zamu, hata kukuche. Wiki ya pili ikielekea ya tatu kiungo cha kuvutia hewa ya juu huwa kimeanza kufanya kazi. Siku ya kwanza anapoona vichwa vinachomoza, vikimeza hewa na kuzama, hulala mapema.

Baadhi ya wanunuzi wa kambale hao ni wenye mabwawa. Wengine hutoka upande wa Lamadi, ziwani, na hao hutaka kambale wadogo walio hai kwa ajili ya ndoano za sangara. Niliwahi kumuuliza kama haimuumi, usiku wote ule kwa ajili ya chambo. Akasema sangara naye hula vizuri akipewa kilicho kizima.

Siku moja kabla ya safari hawalishwi, wasije wakachafua mfuko. Huhesabiwa samaki wa chujio moja la chai, kisha huhesabiwa machujio. Mnunuzi mmoja alitaka mfuko wake uongezewe wakubwa kutoka ndoo ya pili, kwa bei ileile au hata zaidi kidogo, na pesa ameishika mkononi.

“Hapana, baba,” akamwambia, akiifunga kamba. “Chukua mifuko miwili, kila saizi na wake. Nikikuchanganyia, ukifika Lamadi utakuta nusu, na wakubwa wameshiba. Utasema nimekupunja.”

Akalipa mifuko miwili.