Chombo Kisichoonekana Kipewe Jina Gani?

Mnamo mwaka 1991 Mark Weiser, mtaalamu wa kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, Marekani, alichapisha katika jarida la Scientific American makala juu ya kompyuta ya karne ya 21. Hoja yake ilikuwa kwamba teknolojia iliyokomaa ni ile inayotoweka katika fikra za mtumiaji. Alitoa mfano wa maandishi: tupitapo mbele ya kibao cha mtaa twasoma bila kufahamu kuwa tunasoma. Kompyuta nayo itaenea vyumbani na katika vyombo, hata tusiitambue tena.

Utabiri huo umetimia kwa sehemu kubwa, lakini mfano wake una dosari. Maandishi hayamsomi msomaji. Chombo kilichofichwa huhesabu, hukumbuka, na pengine hupeleka habari kwa mtu tusiyemjua. Weiser mwenyewe aliitaja hatari hiyo; hata hivyo mfano wa maandishi waifunika.

Hapa ndipo kazi ya istilahi inapoanzia. Tafsiri ijayo upesi ni “kompyuta kila mahali”. Twaiona ina upungufu, kwani yataja mahali tu, wala haitaji kufichika. Tena neno “kompyuta”, sawa na “tarakilishi”, humletea msikilizaji picha ya kitu chenye kioo juu ya meza. Neno “utandawazi” liliunganisha maana ya kutandaa na ya uwazi. Katika jambo hili kutandaa kupo, uwazi ndio unaokosekana.

Tuangalie mfano wa nyumbani. Mita ya LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, hupokea tarakimu 20, huzihakiki, hukumbuka uniti zilizobaki, na hukata umeme zinapokwisha. Hiyo ni kompyuta ndogo, ingawa hakuna aiitaye hivyo. Jina lake limefaulu kwa kuwa lamweleza mtumiaji tendo linalomhusu.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili. Kwanza, wataalamu watumie “kompyuta fiche enezi”, ili kuenea na kufichika vyote vitajwe. Pili, kila chombo cha nyumbani au ofisini kiitwe kwa tendo lake, na tendo la kukusanya habari lisiachwe nje. Kamera inayotambua nyuso isiitwe “kamera” tu katika tangazo la ukutani.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwananchi hawezi kudai haki yake dhidi ya chombo asichojua kuwa kinakusanya taarifa zake. Naye karani aandikaye tangazo au mkataba ndiye wa kwanza kumjulisha, au kumficha.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayapime mapendekezo haya na kutuletea yaliyo bora zaidi.