King'ole au Mahakama? Anguko la Mtawala katika Kigogo

Utangulizi

Tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya imemshughulikia sana mtawala dhalimu, lakini imevutiwa zaidi na anguko lake kuliko hukumu yake. Tofauti baina ya mambo haya mawili si ndogo. Kumwangusha mtawala ni kumpokonya nguvu. Kumhukumu ni kumtaka ajibu kwa kila tendo, mbele ya watu wasio mahasimu wake, naye apewe nafasi ya kujitetea. Makala haya yanaichunguza Kigogo ya Pauline Kea kwa kuzingatia tofauti hiyo. Tamthilia hii ilikuwa kitabu teule cha mtihani wa KCSE tangu 2018 hadi 2022. Wanafunzi wa Kitui na Makueni waliisoma katika sehemu ambazo swali la kumwajibisha kiongozi lilikuwa limekwisha kutoka vitabuni na kuingia mabarazani. Linalodaiwa hapa ni kwamba utawala wa sheria katika Kigogo haumo katika umati unaoshangilia. Umo katika kauli ya mhusika mdogo, Kingi.

Umati na king'ole

Majoka anaitawala Sagamoyo kana kwamba ni shamba lake. Soko la Chapakazi linafungwa, Jabali aliyempinga anauawa, na Tunu anashambuliwa na kuumizwa mguu. Mwishoni umma unakusanyika, washirika wanamhama mtawala, naye anabaki mpweke. Ni rahisi kuusoma mwisho huu kama ushindi wa sheria. Hata hivyo, umbo lake linakaribiana zaidi na desturi kongwe ya Ukambani.

Kabla ya ukoloni, Wakamba hawakuwa na wafalme. Mashauri mazito yalikuwa mikononi mwa wazee wa nzama. Mtu aliyezoea kuwadhuru wenzake, kama vile mwizi sugu au aliyeaminiwa kuwa mchawi, aliweza kupitishiwa king'ole, hukumu ya kifo iliyotekelezwa na jamii kwa pamoja. Gerhard Lindblom aliieleza katika kitabu chake cha 1920 kuhusu Wakamba. Kiini cha king'ole kilikuwa ridhaa ya jamaa wa karibu wa mkosaji. Wakisharidhia, hapakuwa na wa kudai fidia ya damu: wote walitenda, kwa hiyo hapakuwa na muuaji.

Katika Kigogo hakuna anayemuua Majoka, lakini mantiki ni hiyo hiyo. Kenga, mshauri aliyekuwa mkono wake wa kulia, anapomwacha, ni kama jamaa wameridhia. Kuanzia hapo jamii inasema kwa sauti moja, na sauti moja haina haja ya shahidi. Hakuna onyesho linalomweka Majoka mbele ya hakimu ili aulizwe nani aliamuru kifo cha Jabali. Msomaji anaujua ukweli, lakini Sagamoyo haiupati kwa njia ya ushahidi. Swali la damu ya Jabali linamezwa na shangwe.

Kauli ya Kingi

Kinyume cha umati huo ni Kingi, mkuu wa polisi. Majoka anamwamuru awafyatulie watu risasi, naye anakataa. Tendo hili halina mbwembwe, lakini ndilo zito kuliko yote katika tamthilia. Umati unampinga Majoka kwa kuwa amewaumiza. Kingi anampinga kwa kuwa amri yenyewe haifai kutiiwa. Kwa muda mfupi mamlaka yanatenganishwa na mwenye mamlaka, na hapo ndipo utawala wa sheria unapoanzia.

Makueni na saa iliyosimamishwa

Historia ya karibuni ya Makueni inaonyesha sura nyingine ya mchakato huu. Baada ya uchaguzi wa 2013, Gavana Kivutha Kibwana na bunge la kaunti waligombana hasa kuhusu bajeti, na mwaka wa 2014 risasi zikafyatuliwa katika makao ya kaunti mjini Wote. Wakazi hawakuishia kwenye mayowe. Walikusanya sahihi za wapigakura na kuomba serikali ya kaunti isimamishwe, kwa mujibu wa kifungu cha 192 cha Katiba. Tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga ilisikiliza mashahidi wa pande zote. Mwaka wa 2015 Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuisimamisha kaunti, na mwaka wa 2017 wapigakura wakamrudisha Kibwana. Kitui nayo, mwaka wa 2020, ilishuhudia hoja ya kumwondoa Gavana Charity Ngilu ikifikishwa mahakamani. Mambo haya hayana kilele cha kupigiwa makofi jukwaani. Hata hivyo, kila upande ulilazimika kusema, na kusikia ukijibiwa.

Kwa kiongozi wa taifa, njia ni ndefu zaidi. Kifungu cha 143 cha Katiba ya 2010 kinamkinga Rais asishtakiwe kwa jinai akiwa madarakani, isipokuwa kwa makosa ambayo mikataba ya kimataifa inakataza kinga hiyo. Kuhusu mashtaka ya madai, Mahakama Kuu iliamua mnamo 13 Mei 2021, katika kesi ya BBI, kuwa Rais aweza kushtakiwa. Mahakama ya Juu ikabatilisha uamuzi huo mnamo 31 Machi 2022. Lakini kifungu hicho hicho kinasema kwamba muda wa kinga hauhesabiwi katika ukomo wa kufungua kesi. Sheria haimsamehi mtawala. Inasimamisha saa tu mpaka atoke kitini.

Hitimisho

Udhaifu wa mwisho wa Kigogo unaonekana wazi hapa. Majoka anapoanguka ndipo kinga yoyote ya kiti inapomtoka, na ndipo kesi ya Jabali ingeweza kufunguliwa. Pazia linafungwa palepale ambapo sheria ingeanza kusema. Huenda ikadaiwa kuwa baraza la ushahidi halifai jukwaani. Dai hilo halina nguvu: mshtaki, shahidi na mshtakiwa ni wahusika wa kitamthilia kwa asili yao, na Makueni imeonyesha kuwa raia wa kawaida waweza kuzibeba nafasi hizo. Msomaji aliyefunzwa kushangilia anguko peke yake atajua jinsi ya kumwondoa Majoka mmoja. Atakapokuja wa pili, hatakuwa na lugha ya kumuuliza swali. Lugha hiyo imo tayari katika Kigogo, kinywani mwa Kingi. Kinachosubiriwa ni mtunzi atakayeiongezea onyesho moja zaidi.