Ukuta Usiotegemea Lipu

Miongoni mwa kazi za mikono ambazo zama hizi zimezidunisha, uashi wa matofali ya kuchoma ndio ninaouonea uchungu zaidi, kwa kuwa niliuonja mwenyewe katika kijiji kimoja cha nyanda za juu za Iringa, ambako madarasa yalijengwa kwa msaragambo, nasi tusiojua kitu tukawekwa chini ya fundi mzee, mchache wa maneno na bahili wa sifa.

Alituanzisha majini, si ukutani. Kila tofali lilizamishwa katika pipa hata likaacha kutoa mapovu, ndipo likapewa ruhusa ya kupanda. Maana tofali kavu hunyonya maji ya mchanganyiko kabla saruji haijashika, likaacha baina ya kozi na kozi vumbi linalokwanguka kwa ukucha. Vijana tulinung'unika kwamba kazi inacheleweshwa. Mzee hakubishana; aliuendea ukuta wa ghala la jirani, uliojengwa kwa pupa, akapitisha ncha ya mwiko katika maungio, mchanga ukammwagikia viatuni, akarejea kwenye pipa lake kimya.

Kupishanisha maungio tulikujua upesi, na kamba haina siri. Lakini kuuchota mchanganyiko kwa mwiko na kuutandaza kwa mkupuo mmoja, kulilaza tofali na kuligonga kwa mpini hata likatulia sawa na kamba, hiyo ni hekima ya kiwiko, haina maelezo. Na kila pembe ilipopanda, timazi iliteremshwa, tukangoja hata ikaacha kuning'inia huku na huku. Mmoja wetu alipouliza sababu ya taabu yote hii ilhali ukuta utapigwa lipu, mzee alijibu: "Lipu ni kanzu, mwanangu. Kibiongo hakinyoshwi na kanzu."

Waashi wa pwani waliosimamisha misikiti ya Kilwa na majumba ya Lamu kwa matumbawe na chokaa hawakuwa na budi ila kusubiri, kwani chokaa haiharakishwi. Kiwanda cha Wazo kilipoanza kutoa saruji mwaka 1966 tulipata neema kubwa, wala siikufuru. Ila naona wepesi wa kushika kwake umetufunza papara ambayo si yake, kwa kuwa hata saruji hudai kunyweshewa maji siku 7 na zaidi, na ni wangapi leo wanaoinywesha? Bloku hufyatuliwa juzi, leo ziko ukutani, kesho lipu imekwisha kusitiri aibu yote.

Na msaragambo wenyewe umegeuzwa stakabadhi. Katika madarasa yale kila mzazi alizijua kozi zake, na masika yalipopusa alikwenda kuzikagua kama mtu aendaye kutazama shamba. Sasa nikiuliza vijijini ni nani aliyeujenga ukuta wa zahanati mpya, hutajiwa jumla ya michango.