Kubisha Hodi si Kuingia Ndani: Ncha Mbili za Jedwali

Mbele ya faili la data, swali la kwanza ni kama limeingia salama; linasema nini ni swali la baadaye. Katika lugha ya R swali hilo la kwanza lina amri mbili: head huonyesha mistari sita ya mwanzo, na tail sita ya mwisho. Ukitaka kumi unaandika head(x, 10). Ukiandika head(x, -10) unaletewa yote isipokuwa kumi ya mwisho. Ni amri za kubisha hodi tu, na kosa huanza pale mchambuzi anapodhani ameshaingia ndani. Tuseme tuna rekodi ya mwaka mzima ya samaki wanaopakuliwa kila siku Kasenga, mji wa mto Luapula uliolisha soko la Lubumbashi tangu enzi ya ukoloni. Kompyuta za huko aghalabu hufuata mpangilio wa Kifaransa: nuktamkato hutenga safu, mkato hutenga desimali. Faili hilo likisomwa kwa read.csv, head itafichua papo hapo safu zilizovurugika, na dawa yake ni read.csv2. Tail nayo hunasa kisichoonekana juu, yaani mstari wa “Total” ulioachwa mkiani, ambao ukijumlishwa pamoja na siku zote huifanya hesabu iwe maradufu.

Lakini tazama tarehe. Head inatupa tarehe 1 hadi 6 Januari na tail, mstari wa “Total” ukishaondolewa, 26 hadi 31 Desemba. Kasenga siku zote hizo ni za mvua. Kiangazi chote kimezama katikati. Isitoshe, ng'ambo ya mto Zambia hufunga uvuvi kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, kwa hiyo faili la ukingo ule lingeonyesha, kwa ncha zote mbili, mto usiovuliwa. Data ya Nile inayokuja na R yenyewe inathibitisha hatari hiyo. Ni mtiririko wa kila mwaka Aswan, 1871 hadi 1970, kwa vipimo vya mita za ujazo milioni 100. Head inasoma 1120, 1160, 963, 1210, 1160, 1160. Tail inasoma 912, 746, 919, 718, 714, 740. Msomaji wa ncha atasema mto ulipungua polepole kwa karne nzima, ilhali mfululizo kamili unaonyesha maji yaliporomoka kwa ghafla karibu na 1899, na mwaka mkavu kuliko yote, 1913 wenye 456, haumo katika ncha yoyote.

Wapo watakaosema basi tuziache, tuchukue mistari sita kwa bahati nasibu. Katika mistari 366, yaani siku 365 na “Total”, uwezekano wa sampuli hiyo kuunasa mstari wa “Total” haufiki 2 kwa 100. Tail huunasa kila mara. Amri ya summary, kweli, ingeonyesha kiwango cha juu kinachotia shaka, ila isingesema kimetoka mstari gani. Kila chombo kina zamu yake: ncha kwanza, kisha summary, kisha mchoro. Na kwa kuwa ncha husema kile tu ambacho mpangilio umeziwekea, faili lilelile likipangwa kwa uzito badala ya tarehe, tail itataja siku za mavuno makubwa kuliko zote. Kwa hiyo kabla ya kuziamini ncha, uliza kwanza faili limepangwa kwa kigezo gani.