Klabu Inashuka, Namba Sita Anabaki

Mwaka 2019 Petrojet ilishuka daraja kutoka Ligi Kuu ya Misri. Mwaka 2021 ikafuata Entag El Harby. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Ghazl El Mahalla. Himid Mao alizichezea zote tatu, na kila moja ilipoanguka yeye alionekana msimu uliofuata na jezi nyingine ndani ya ligi ileile. Kwa kiungo mkabaji, yaani namba sita, wa Kitanzania aliyetua Misri mwaka 2018, rekodi hiyo inastahili kuchambuliwa kuliko idadi ya mabao yake, maana kufunga hakukuwa kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Rekodi hiyo inawahusu sana watu wa soka wa Mpanda, mkoani Katavi. Jioni pale Uwanja wa Azimio, kama ilivyo kwenye viwanja vingi vya mchangani, anayeshangiliwa ni mpiga chenga na mfungaji. Kijana anayesimama mbele ya mabeki wa kati na kuokota mipira ya pili hana wa kumwimba. Lakini ukifuatilia safari za viungo wa Tanzania waliodumu nje, huyo ndiye anayestahili kuangaliwa mara mbili.

Himid ni mtoto wa Mao Mkami, mchezaji wa zamani aliyejulikana kwa jina la Ball Dancer. Baba alisifika kwa kuuchezea mpira, mwana akajenga jina kwa kuupokonya. Alikulia klabu ya Azam na alikuwamo kwenye kikosi kilichotwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Tanzania msimu wa 2013/14 bila kufungwa hata mchezo mmoja kati ya 26. Mwaka uliofuata, 2015, Azam ikabeba Kombe la Kagame jijini Dar es Salaam bila nyavu zake kutikiswa ndani ya dakika za mchezo. Fainali iliifunga Gor Mahia 2-0. Timu haiwezi kumaliza mashindano hivyo kwa ushujaa wa kipa peke yake. Mashambulizi yalikuwa yanakufa mapema, katikati ya uwanja.

Yanakufaje? Mtazame namba sita mzuri pale timu yake inapopoteza mpira. Hamkimbilii mwenye mpira. Anarudi hatua mbili au tatu, anageuza bega ili amwone mwenye mpira na namba kumi wa wapinzani kwa jicho moja, kisha anasimama kwenye njia ya pasi iliyo kati yao. Mwenye mpira analazimika kucheza pembeni, na muda huo mabeki wameshajipanga. Pasi ya kwenda katikati ikipigwa hata hivyo, anaingia wakati mpira uko njiani, kabla mpokeaji hajageuka. Akichelewa nusu sekunde, kinachofuata ni faulo, na pengine kadi ya njano.

Ukabaji wa aina hiyo una soko maalumu Misri. Ligi hiyo imepitiwa na timu nyingi za taasisi: Petrojet na ENPPI ni za kampuni za mafuta, Entag El Harby ni ya uzalishaji wa kijeshi, Ghazl El Mahalla ilizaliwa kwenye kiwanda cha nguo na Tala'ea El Gaish ni ya jeshi. Himid amepita kwenye zote tano. Mtanzania haoni ajabu hapo, kwa kuwa JKT Tanzania, Tanzania Prisons, Mtibwa Sugar na Kagera Sugar ni za ukoo huohuo. Zikikutana na Al Ahly au Zamalek, timu hizo hukaa muda mrefu bila mpira. Kocha wao anahitaji mtu wa kulinda uwazi uliopo kati ya mabeki na viungo kwa dakika 90, wiki baada ya wiki. Nafasi za wageni ni chache na kwa kawaida washambuliaji ndio wanaozigombea. Namba sita akipewa moja, ni dalili kwamba benchi la ufundi limemwamini kwa jambo lisiloonekana kwenye orodha ya wafungaji.

Novatus Dismas Miroshi naye ametoka Azam, ila njia yake ni tofauti. Himid alidumu kwenye nafasi moja na nchi moja. Novatus amebadili vyote viwili. Kutoka Azam alikwenda kwa mkopo Biashara United ya Musoma, akapata dakika za Ligi Kuu, kisha mwaka 2021 akasajiliwa na Maccabi Tel Aviv. Zulte Waregem ya Ubelgiji ilimchukua 2022. Klabu hiyo ilishuka daraja mwaka 2023, na msimu uliofuata yeye alikuwa Shakhtar Donetsk kwa mkopo, akicheza Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mwaka 2024 akahamia Göztepe ya Uturuki. Njiani ametumika kama kiungo mkabaji na kama beki, na kwa kocha mwenye kikosi chembamba mchezaji wa namna hiyo anaokoa nafasi moja ya usajili.

Kazi hiyo ina gharama zake. Januari 17, 2024, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika huko San-Pédro, Ivory Coast, Taifa Stars ilikuwa nyuma kwa bao moja tu dhidi ya Morocco. Dakika ya 70 Novatus akaoneshwa kadi ya njano ya pili. Dakika ya 77 Azzedine Ounahi akafunga, na ya 80 Youssef En-Nesyri akamalizia: 3-0. Morocco ingeweza kushinda hata dhidi ya watu 11, lakini mabao mawili ndani ya dakika 10 baada ya kadi yanaonesha thamani ya mtu huyo. Mwenye kadi ya njano anapaswa kubadili ukabaji wake: asimame, acheleweshe shambulizi, asiteleze.

Mkoa wa Katavi uko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Chamazi walikolelewa vijana wa Azam. Kutoka Mpanda ngazi ni ndefu: michezo ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA, ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, First League, Championship, ndipo Ligi Kuu. Kwenye michezo ya shule mteuzi anamwona mtoto kwa mechi chache tu, na mfungaji hujitangaza mwenyewe. Namba sita anahitaji kocha mwenye daftari: mipira mingapi ameokoa, mara ngapi ametazama nyuma kabla ya kupokea, faulo ngapi amecheza, pasi yake ya kwanza baada ya kupokonya imefika kwa nani. Hayo hayahitaji mtambo, yanahitaji msaidizi mmoja aliyekaa pembeni na kalamu.

Somo la kutazama nalo limesogea karibu. Mwaka 2025, akiwa na miaka 32, Himid alirejea Azam iliyokuwa chini ya kocha Florent Ibenge. Mechi za Ligi Kuu zinaoneshwa hadi kwenye vibanda umiza vya Mpanda, kwa hiyo kijana anayetaka kujifunza nafasi hii afanye zoezi moja: dakika 10 za kwanza asiufuate mpira, amfuate kiungo mkabaji. Ahesabu ni mara ngapi anageuza shingo kabla ya pasi kumfikia, na aangalie anasimama wapi beki wake wa pembeni anapopanda kushambulia.